Tumbo bila mimba: fibromu katika historia ya akina mama wa Kolwezi

Musonoi, Luilu, Kapata: katika kambi hizi za zamani za kampuni, mama ambaye tumbo lake linakua bila mimba husikia mambo mawili kutoka kwa majirani. La kwanza: ni fibromu. La pili: watakutoa kizazi. Mambo hayo mawili yamefungwa pamoja sana, hata kuna wanaoficha damu yao mpaka siku wanapobebwa lupitalo hawana nguvu tena.

Woga huo haukutoka hewani. Una historia yake, na historia hiyo imebadilika kuliko watu wengi wanavyojua.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilileta wanaume bila bibi zao, kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilibadilisha siasa: ilitaka mfanyakazi akae kambini na bibi na watoto, ili watoto nao wawe wafanyakazi wa kesho. Mmoja wa wakubwa waliosimamia siasa hiyo alikuwa muganga, Dokta Léopold Mottoulle. Bibi na watoto walipewa posho, mimba zilifuatwa, watoto wachanga walipimwa uzito. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937, ilikua ndani ya mpango huo. Ndiyo sababu wazee bado wanasema kazi ilikuwa baba, kazi ilikuwa mama.

Mpango ulihesabu mimba na watoto. Damu ya mwezi haikuwa hesabu yake. Basi mama aliyevuja damu siku kumi kila mwezi alikuwa na la kufanya kidogo sana, na si huku Katanga tu.

Wakati ule dunia nzima ilitegemea kisu zaidi. Mwaka 1853, katika mji wa Lowell huko Marekani, muganga Walter Burnham alifungua tumbo la mwanamke akitegemea kukuta uvimbe wa ovari. Alikuta kizazi kimejaa fibromu, akakitoa, na mgonjwa akapona. Polepole kutoa kizazi kukawa njia ya kawaida. Wachache waliuliza kama kweli ni lazima kutoa kizazi chote. Mmoja wao alikuwa Victor Bonney wa London. Bibi yake mwenyewe alitolewa kizazi kwa sababu ya fibromu, na hawakupata mtoto. Bonney akatumia miaka yake mingi kufundisha namna ya kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi mahali pake. Upasuaji huo unafanywa mpaka leo.

Shida ya pili ilikuwa kujua kilichomo tumboni bila kulifungua. Muganga aligusa kwa mkono na kukisia. Mwaka 1958, huko Glasgow, Ian Donald na wenzake walitangaza namna ya kutazama ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Mmoja wa wagonjwa wao alidhaniwa kuwa na kansa isiyoweza kupasuliwa; mashine ikaonyesha uvimbe wa maji wa ovari, ukatolewa, akapona. Hiyo ndiyo ekografi ambayo kila mama mwenye mimba anaijua leo.

Ekografi ilionyesha pia kwamba fibromu ni kitu cha kawaida sana. Ni uvimbe wa nyama ya kizazi chenyewe, na karibu kila mara si kansa. Utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kufikia miaka 50, zaidi ya wanawake weusi 80 kwa 100 walikuwa nazo, na karibu wazungu 70 kwa 100. Wengi hawasikii kitu, na fibromu isiyosumbua haihitaji dawa wala kisu. Damu ya mwezi ikikoma kwa sababu ya umri, kwa kawaida inanywea yenyewe.

Zile zinazosumbua zina dalili zake: damu ya mwezi inayopita siku saba au yenye mabonge, tumbo zito, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, maumivu ya mgongo au wakati wa tendo la ndoa, na mara nyingine kukosa mimba au mimba kutoka. Fibromu yenyewe huua kwa nadra. Hatari kubwa ni damu kuisha polepole: kizunguzungu, moyo kupiga mbio, kuchoka kwa kutembea hatua chache. Wengi huita hali hiyo uchovu wa kazi.

Dawa ya kupunguza damu hiyo ilitoka Japani. Mwaka 1962 Utako Okamoto na mume wake Shosuke walitangaza asidi traneksamiki. Lengo la mama huyo lilikuwa kuokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kuzaa. Ni vidonge vinavyomezwa siku za damu tu. Havipunguzi uvimbe, na havimfai mtu aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa. Vidonge vya kupanga uzazi na kitanzi chenye homoni pia vinaweza kupunguza damu.

Kisha zikaja sindano za homoni. Ugunduzi wa homoni ya ubongo iliyofungua njia hiyo uliwapa Andrew Schally na Roger Guillemin tuzo la Nobel mwaka 1977. Sindano hizo zinapunguza uvimbe kwa miezi michache, lakini zikitumiwa muda mrefu zinadhoofisha mifupa, na zikiachwa uvimbe unarudi. Kwa hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya upasuaji. Si kila dawa mpya imedumu: uliprista, iliyosifiwa Ulaya toka mwaka 2012, iliwekewa mipaka mikali mwaka 2020 kwa sababu iliharibu ini la baadhi ya wagonjwa.

Mageuzi makubwa yalitokea Paris, karibu kwa bahati. Jacques Ravina na wenzake walikuwa wakiziba mishipa inayolisha fibromu ili damu isitoke nyingi siku ya kupasua. Wakaona baadhi ya wanawake wanapata nafuu, hata kisu hakihitajiwi tena. Mwaka 1995 walitangaza habari za wagonjwa 16. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa paja au wa mkono, chembe ndogo zinaachwa kwenye mishipa ya kizazi, uvimbe unakosa chakula na kunywea. Mama anayetaka bado kuzaa anapaswa kuzungumza vizuri na muganga kwanza, kwa kuwa njia hiyo inaweza kugusa uzazi. Afrika Mashariki nayo inajifunza: toka mwaka 2018 wataalamu kutoka Yale na wenzao wa Muhimbili, Dar es Salaam, wamekuwa wakifundisha waganga wa Tanzania kazi hii ya mirija.

Lakini angalia miaka hiyo hiyo Kolwezi ilikuwa wapi. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka kumi ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 1992 huko Likasi na 1993 hapa Kolwezi, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa. Nyingi zililala gare zikingoja treni. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kujitolea. Pamoja na kazi, familia zilipoteza haki ya lupitalo la kampuni.

Ndiyo maana neno la kisu limebaki kambini. Dunia ilipata njia mpya katika miaka ileile ambayo mama wa Kolwezi alipoteza mlango wa kuzisikia. Alibaki na habari za mama yake na za nyanya yake.

Leo wapo pia waliohamishwa kwa sababu ya machimbo, na waliokimbia vita vya mashariki. Anayehama huacha fishi yake ya matibabu nyuma. Daftari dogo linaweza kusaidia: tarehe damu ilipoanza na kukoma, vitambaa vingapi kwa siku, dawa zilizomezwa, karatasi ya ekografi kama ipo. Kwenye senta de sante, la kwanza ni kupimwa damu na kupewa dawa ya chuma kama imepungua. Kisha mama ana haki ya kuuliza: uvimbe ni mkubwa kiasi gani, uko wapi, naweza kuanza na dawa, na kama ni kupasua, kizazi kinaweza kubaki?

Kupasua bado kuna mahali pake, kwa mfano uvimbe ukiwa mkubwa sana au dawa zikishindwa. Mizizi ya kuingizwa ukeni haiyeyushi fibromu, na inaweza kuchoma na kuleta maambukizi. Kuhusu vumbi la migodi, utafiti uliofanywa Lubumbashi na kutangazwa mwaka 2020 ulihusu watoto waliozaliwa na kasoro na kazi za baba zao migodini, haukuhusu fibromu.

Anayelowesha kitambaa kila saa, anayezimia, au anayeona damu baada ya kukoma, asingoje mwisho wa mwezi. Aende siku hiyohiyo, na asindikizwe. Neno la zamani la kambini lilikuwa kweli kwa nyanya zetu. Kwa binti zetu, lupitalo lina maneno mengine ya kusema kabla ya kisu, na kwanza lazima wafike kuyasikia.