Nani atampa mgeni chumba? Historia ya wanafunzi wapangaji, kutoka Leuven hadi Butembo na Beni



Kila mwaka vyuo vikianza kuandikisha, swali moja linarudi kwenye simu za radio: nitapata wapi chumba? Zamani lilikuwa swali la mwanafunzi mgeni, aliyetoka Bunia, Goma, Kisangani ao ng'ambo ya Kasindi. Siku hizi linaulizwa pia na mama aliyefika na watoto watano kutoka Eringeti ao Kanyabayonga. Wote wawili wanapiga hodi kwenye mlango uleule. Ili tuelewe imekuwaje, turudi nyuma.

Mlei wa kwanza wa Kongo kusoma chuo kikuu Ubelgiji alikuwa Thomas Kanza, aliyeingia Leuven mwaka 1952. Hapa kwetu hapakuwa bado na chuo kikuu. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, nayo ilijengwa kwa mfano wa Ulaya: darasa, kitanda na chakula juu ya kilima kimoja. Baada ya uhuru vijana wengi zaidi walikwenda Brussels, na si wote waliokuta kitanda kinawangoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifunguliwa huko Ixelles nyumba ya kuwapokea wanafunzi wa Afrika, Maison Africaine. Kando yake zikaja baa, saluni na maduka ya vitenge, mpaka mtaa ukapewa jina la Matonge, kama ule wa Kinshasa.

Kwa watu wa upande wetu, chuo kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa Kisangani, zaidi ya kilomita 700 kutoka Beni. Waprotestanti walikifungua mwaka 1963. Mwaka uliofuata Wasimba waliuteka mji, na chuo kikahamia Léopoldville, kikapokelewa na Lovanium. Yaani chuo kizima, walimu na wanafunzi, kiligeuka mkimbizi wa ndani. Sidhani kama msomaji wa Beni anahitaji maelezo zaidi hapo.

Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo hivyo na kile cha Lubumbashi kuwa kimoja, UNAZA. Wanafunzi waliongezeka, vitanda havikuongezeka. Aliyepewa kitanda kwa jina lake alimwingiza ndugu ao rafiki, na usiku godoro lilitandikwa chini. Hao wasioandikwa waliitwa maquisards, kama wapiganaji wa msituni. Hawakuwa na haki ya chumba, lakini walimaliza masomo. Wengi waliotufundisha sisi walilala hivyo.

Halafu ukaja mwaka 1989. Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Butembo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, ambacho sote tunakiita UCG. Tunapenda kusema kwamba kilimwokoa kijana wa Butembo na safari ya Kisangani, na ni kweli. Tunasahau upande wa pili: kilileta wageni. Na wageni hao, kwa sehemu kubwa, walilala mjini. Bweni la Butembo ni chumba cha nyuma ya nyumba ya mtu, kilichojengwa polepole, leo matofali, mwaka ujao mabati. Beni ilipata yake mwaka 2007, UCBC ilipoanza kufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, na mji ukafanya vilevile.

Chumba cha nyuma kina sheria zake. Geti linafungwa saa fulani. Choo ni kimoja kwa parseli nzima. Maji unayachota kwa zamu, na mgeni wako anajulikana kabla hajaketi. Mwanafunzi kutoka nchi nyingine analalamika mwanzoni. Baada ya miezi michache mama mwenye nyumba anamwita mwanangu, na akiugua anapikiwa uji. Hilo hakuna komisionere anayeliandika kwenye tangazo.

Lakini tangu mauaji ya Oktoba 2014 yalipoanza kuzunguka Beni, mgeni asiyejulikana anaogopwa. Kabla ya kumpa ufunguo watu wanataka kujua ametoka wapi, nani anamfahamu, kama shefu wa kartye amemwona. Mwanafunzi ana barua ya chuo. Aliyekimbia usiku mara nyingi hana hata kadi ya mchaguzi.

Vita viligeuza pia maana ya chumba chenyewe. Mwanafunzi aliyepanga peke yake anapigiwa simu: shangazi yuko njiani na wajukuu. Chumba cha mtu mmoja kinalaza sita. Ndio maquisards wa leo, isipokuwa hawa hawana darasa la kwenda asubuhi. Wako wenye nyumba wanaonyamaza, na wako wanaopandisha kodi juma lilelile.

Mimi siwaweki wenye nyumba wote kapu moja. Mjane anayesomesha watoto kwa vyumba viwili vya kodi hana mshahara mwingine. Ila garanti ya miezi sita siwezi kuitetea. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Haitofautishi mwanafunzi wa ng'ambo, mzaliwa ao mtu aliyekimbia vita. Wengi wanalipa kwa sababu komisionere anasimama pembeni akisema kuna mwingine anakuja saa nane. Wakati mwingine ni kweli, mara nyingi hakuna mtu.

Garanti si zawadi, ni pesa ya mpangaji, inarudi siku anapotoka kama hakuna deni wala uharibifu. Kwa hiyo iandikwe. Ukurasa wa daftari unatosha: majina mawili, kodi ya mwezi, pesa ya garanti na ni ya miezi mingapi, hali ya mlango, kufuli na bati siku ya kuingia, tarehe, sahihi mbili na ya shahidi mmoja. Asiyejua kuandika amwombe mwanafunzi wa chumba cha pili.