Lugha Mpya ya Programu Hupokewa Lini

Lugha ya programu ni utaratibu wa maandishi ambao binadamu huutumia kuipa kompyuta maagizo. Tangu kundi la John Backus katika kampuni ya IBM litoe Fortran mwaka 1957, zimetungwa lugha nyingi mno, na nyingi kati ya hizo hazina tena anayeziandika. Zilizodumu ni chache: COBOL ya 1960, C iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell, kisha C++, Python ya 1991, Java na JavaScript za 1995. Kila baada ya miaka michache huzuka nyingine inayodaiwa kuzipiku zote, na mwandishi wa programu hujiuliza kama ahamie huko.

Kwanza itenganishwe kujifunza na kuhamia. Kujifunza lugha mpya humgharimu mtu mmoja jioni zake, na karibu kila mara hurudi na faida, hata kama hataiandika tena. Kuiingiza kazini ni kuwafunga wengine. Mfumo utatunzwa na watu ambao bado hawajaajiriwa. Maktaba za msimbo zitahitaji wa kuzisasisha. Na programu ikigoma usiku, sharti apatikane anayeweza kuisoma. Mwaka 2015 mhandisi Dan McKinley, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Etsy, alishauri kila kampuni ijihesabu kuwa ina tokeni tatu hivi tu za kutumia kwenye teknolojia ngeni. Hakuna aliyezipima hizo tatu, lakini anayelazimika kuhesabu angalau hujiuliza anapata nini kwa hiyo anayoitoa.

Sababu yenye uzito kuliko zote ya kupokea lugha mpya ni kwamba inaondoa aina nzima ya makosa. Mfano ulio wazi ni makosa ya kumbukumbu katika C. Dennis Ritchie aliitunga lugha hiyo kwa ajili ya mfumo wa Unix, enzi ambayo kompyuta zilikuwa na kumbukumbu finyu na kila ukaguzi wa ziada ulikuwa gharama. Kwa hiyo C humwamini mwandishi. Akisema nakili herufi mia, itanakili mia, hata kama zilizopo ni kumi.

Matokeo yake yalionekana Aprili 2014, lilipotangazwa kosa lililopewa jina la Heartbleed. OpenSSL, programu iliyoandikwa kwa C na inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, ilikuwa na utaratibu mdogo wa kuhakikisha kwamba upande wa pili bado upo: kompyuta hutuma neno, hutaja urefu wake, na seva hulirudisha kama lilivyo. Seva iliuamini urefu uliotajwa bila kuupima. Mdukuzi akituma herufi moja na kudai ametuma elfu sitini na kitu, seva ilinakili herufi ile, kisha ikaendelea kuchota chochote kilichofuata katika kumbukumbu yake, iwe nywila ya mteja au ufunguo wa siri wa tovuti yenyewe, na kumpelekea. Dawa ilikuwa mistari michache tu ya kulinganisha urefu uliodaiwa na ujumbe uliofika. Kosa hilo lilikuwa limekaa ndani ya matoleo rasmi tangu Machi 2012, mbele ya macho ya kila aliyetaka kuusoma msimbo, maana OpenSSL ni programu huria.

Si kisa cha pekee. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama inayoiziba kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu, na mwaka uliofuata kundi la kivinjari cha Chrome likataja kiwango kama hicho kwa makosa yake makubwa. Java na Python huzuia balaa hili, lakini kwa kufagia kumbukumbu wakati programu inaendelea kufanya kazi, jambo ambalo kiini cha mfumo wa kompyuta hakiwezi kulimudu kirahisi. Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006, ikalelewa na Mozilla na kufikia toleo la kwanza kamili Mei 2015, ilipita njia nyingine. Kila data ina mwenyewe mmoja, wengine huazima, na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, hukagua masharti ya kuazimana kabla programu haijaanza. Mtu akijaribu kusoma kupita mwisho wa orodha, programu husimama hapo hapo.

Je, basi kila kilichoandikwa kwa C kiandikwe upya? Android, mfumo ulio katika simu nyingi za Afrika Mashariki, ulitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Google haikuigusa sehemu kubwa ya msimbo wake wa zamani wa C na C++. Iliamua tu kwamba msimbo mpya uzidi kuandikwa kwa lugha salama, Rust ikiwa mojawapo. Mwaka 2019 makosa ya kumbukumbu yalikuwa asilimia 76 ya mianya ya usalama ya Android. Kufikia 2024 yalikuwa yameshuka hadi asilimia 24. Sababu ni kwamba msimbo uliokaa miaka kadhaa umeshagunduliwa na kurekebishwa makosa yake mengi, na hatari kubwa imo katika ulioandikwa juzi. Sijui hoja nzito kuliko hii katika mjadala mzima, na inawapinga wote wawili: anayekataa lugha mpya kwa kuwa ya zamani imezoeleka, na anayetaka kubomoa kila kitu ajenge upya.

Lugha nyingine hupata sifa kwa sababu zinapendeza tu. CoffeeScript ilitokea mwaka 2009 ili kupunguza maneno ya JavaScript, na mwaka 2011 Ruby on Rails, mfumo wa kujengea tovuti, ikaikubali rasmi. JavaScript yenyewe ilipofanyiwa marekebisho ya 2015, ikachukua mengi ya mazuri hayo, na waliohamia CoffeeScript wakabaki na mafaili ya kutafsiri kurudi walikotoka. Hata toleo jipya la lugha ileile linaweza kuwa uhamisho: Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaendelea kutunzwa hadi mwanzo wa 2020, kwa kuwa miradi mingi ilishindwa kuvuka kwa wakati.

Tena kuna lugha kongwe zinazojua jambo ambalo changa hulifanya kwa kuzunguka. Iamuru Python au JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, utapewa 0.30000000000000004, kwa sababu hesabu inapitia namba za msingi wa mbili. COBOL, iliyotungwa kwa ajili ya biashara, huhesabu desimali kama karani anavyohesabu, senti kwa senti. Ndiyo maana inaendelea kutunza hesabu za mabenki na ofisi za serikali. Java ina BigDecimal na Python ina moduli ya decimal kwa kazi hiyo, lakini ni lazima mwandishi akumbuke kuziita. Akisahau, programu haitalalamika, na kasoro itamfikia mhasibu siku ya kulinganisha vitabu.