Vyumba Sita vya Majengo

Nyumba kongwe ya Majengo, mtaani Pumwani, Nairobi, ni rahisi kuisoma. Unaingia mlango wa mbele, unakuta korido nyembamba: vyumba vitatu huku, vitatu kule. Mwishoni kuna mlango wa nyuma unaotoka uani, penye choo, jiko na kamba za nguo. Ni nyumba ya pwani iliyopanda reli ikaja kukaa bara.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na punde Waafrika wakajijengea vijiji vyao: Pangani, Maskini, Kaburini, na kimoja kilichoitwa Mombasa. Walikuwamo wapagazi, askari waliomaliza kazi, wachuuzi, na wanawake waliofika peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikafungua Pumwani, ili Waafrika wa mjini wakusanywe mahali pamoja na vijiji vile vivunjwe. Halmashauri ya mji ilipima viwanja na kuweka vyoo. Nyumba ukajijengea mwenyewe: fito, udongo, na paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo.

Udongo ule usidharauliwe. Ardhi ilibaki ya halmashauri, na nani angeinua ukuta wa mawe juu ya ardhi ya mwingine? Lakini ukuta wenyewe ulikuwa wako. Ulikaa chumba kimoja, ukapangisha vitano. Mitaa iliyofuata huku Eastlands, mashariki mwa mji, kama Ziwani na Kaloleni, ilikuwa ya mawe na vigae, ila aliyeishi humo alikuwa mpangaji, tena mkoloni alimhesabu kuwa mgeni mjini, mtu wa kurudi kwao kazi ikiisha. Majengo mtu aliweza kuzeekea.

Na wengi wa waliozeekea pale walikuwa wanawake. Hapa ndipo historia ya Nairobi inaponigusa zaidi. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wakiwa wazee, na kitabu chake, The Comforts of Home, kilitoka mwaka 1990. Baadhi yao walikuwa wameikimbia ndoa, wengine ufukara wa nyumbani kwao. Fedha za kujengea walizipata kwa kuuza chakula na pombe, na kwa umalaya pia. Sioni sababu ya kulificha hilo. Shilingi zile ziligeuka miti, udongo na kodi ya kila mwezi, na mwanamke ambaye kijijini asingerithi hata kipande cha shamba akawa mama mwenye nyumba.

Wengi walisilimu. Imani ilikuwa imani, lakini sheria ya Kiislamu pia iliitambua mali ya mwanamke kuwa yake, mbali na ya mume na ya ukoo aliouacha. Asiye na mtoto aliweza kumwachia nyumba msichana aliyemlea.

Wenye nyumba wa Pangani hawakupata bahati hiyo. Kijiji chao kiliponea miaka ya 1920, kisha kikabomolewa miaka ya 1930 ikielekea mwisho, nao wakahamishiwa Shauri Moyo, mwendo mfupi tu kutoka Majengo. Nyumba za huko zilikuwa imara kuliko walizoziacha. Zilikuwa za halmashauri, na mwenye kuishi humo hakuwa na cha kumwachia mtoto.