Kufaa

Mwaka 2019 Mholanzi Rutger Bregman alichapisha kitabu kinachopinga dhana kwamba binadamu ni mnyama aliyepakwa rangi ya ustaarabu. Jina la kitabu hicho kwa Kiholanzi ni De meeste mensen deugen. Kwa Kiswahili ni kama kusema: watu walio wengi wanafaa.

Wapo watakaopenda kuandika “ni wema”. Mimi nashikilia kufaa. Wema mtu anaweza kukaa nao moyoni asimguse yeyote, lakini kufaa lazima kuwe na mwenzako: ananifaa, tulifaana, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na nimesema “watu” kwa sababu neno “binadamu” tumeshalizoesha malalamiko: binadamu hatosheki, binadamu hana shukrani.

Hapa Rubona, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, kufaana huonekana jua likizama. Wavuvi wa sambaza huondoka na mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, wavu ukishuka majini, taa zikivuta samaki gizani. Huimba ili makasia yaende pamoja. Hakuna awezaye kuvua vile peke yake.

Linaloniuma ni lile “walio wengi”. Humu nchini, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, miongoni mwa walioshika mapanga walikuwamo majirani, walimu, hata waliosali pamoja na waliowaua. Mbele ya makaburi ya waliouawa, siwezi kulitamka neno hilo kwa wepesi.

Badala yake ninalo jina moja, la hapa jirani, mjini Gisenyi: Félicité Niyitegeka. Alikuwa amejiweka wakfu kwa Kanisa, akihudumu katika Kituo cha Mtakatifu Petro. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma, nchini Kongo. Ndugu yake, kanali wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Akakataa kuwaacha aliowahifadhi. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994. Rwanda imemweka kwenye daraja la mashujaa liitwalo Imena. Na baadhi ya waliookoa wenzao wamepewa jina la abarinzi b'igihango, walinzi wa agano, yaani lile agano la kale la kunyweshana damu.

Kitabu hicho ningekifasiri kwa jina la Watu Wafaao, nikiacha idadi. Niyitegeka yumo. Nao wakazi wa Gisenyi waliowafungulia milango watu wa Goma, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002 na tena 2021, wamo.