Picha ya Askari Watatu

Ndugu zangu Waislamu, nimeombwa niandike habari za wazee wetu wa Bombo, nami naona nianzie na picha moja. Wanaohudhuria darasa zangu watacheka, kwani mimi ndiye nikemeaye picha kutundikwa ukutani. Na neno hilo sijalitangua. Picha hii haikupata kutundikwa. Ilihifadhiwa ndani ya mkoba wa ngozi pamoja na vyeti.

Wazee wetu Wanubi waliingia Buganda pamoja na Kapteni Lugard mwaka 1891, wakiwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, na tangu hapo aghalabu ya wana wao waliandikwa askari, kisha wakawa askari wa Keya. Vilipozuka vita vya 1939, nyumba yetu ilimtoa ndugu mdogo wa babu yangu, kijana asiyeoa bado. Hakurudi. Waliorejea walisema amebaki Burma. Wengine wakaongeza kuwa ameonekana huko na mke. Mama yake aliyashika maneno hayo, akakataa katakata mwanawe asisaliwe sala ya ghaibu hali yu hai. Baba yake alipofariki mwaka 1951, fungu la kijana katika mirathi lilitengwa, kama sheria inavyoagiza juu ya mrithi aliyepotea, likakaa hivyo zaidi ya miaka sitini.

Vikaja vita vya 1979. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, na watu wengi wa Bombo wakakimbilia Sudan na Zaire, watoto mgongoni. Nani angekumbuka sanduku la picha? Letu liliungua pamoja na nyumba.

Kumbe zamani kila aliyesimama mbele ya mpiga picha aliweza kuchukua nakala yake. Miaka michache iliyopita nilikwenda kuhani msiba katika nyumba moja hapa Kampala, nikaonyeshwa picha ya askari vijana watatu. Mmoja wao alikuwa marehemu baba wa mwenye nyumba, ambaye alisafiri kwa meli nyingine, akarudi salama. Niliipeleka kwa shangazi yangu, bibi kizee sasa, aliyemwona ami yake akiwa mtoto mdogo. Akaweka kidole juu ya kovu la nyusi, akalia.

Nyuma yake pameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo vijana wetu wa leo hawataki kujifunza: kwamba wao ni watu wa mizinga, wako Mombasa wakingoja meli, Muharram 1363. Mwezi huo ulianza mwishoni mwa Desemba 1943. Basi nikatafuta habari za meli zilizotoka Kilindini baada ya hapo. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga kwenda Colombo, imechukua watu zaidi ya 1,500, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga, ikazama kabla ya kutimia dakika tatu. Walikufa watu 1,297.

Nilisafiri hadi Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, penye ukumbusho wa askari wasio na kaburi. Wa meli hiyo peke yao ni karibu 500. Jina la ami yetu limo. Karani ameliharibu kidogo, lakini la baba yake limesalimika. Burma hakufika.

Tulimsalia Kibuli baada ya sala ya Ijumaa, na aliyezama majini dini yetu humhesabu miongoni mwa mashahidi. Kwa kuwa alimtangulia baba yake kwa miaka saba, hakumrithi kitu. Fungu lile likarudi kwa warithi wenziwe. Nao wote wamekwisha kufa, ikawa kazi yangu kuwatafuta wajukuu, na wajukuu, ndugu zangu, wana maneno mengi.

Askari wa tatu, aliyesimama kushoto ameshika kofia mkononi, bado hana mwenyewe. Picha ipo katika ofisi ya chama. Mwenye mzee aliyepotea katika vita vile na aje aitazame.