Marwe wa Pangoni: Jina na Ngeli ya Kiumbe Mmoja

Wanafunzi wa Kiswahili hapa Kabazana, ambao wengi wao wamefika katika makazi ya Nakivale kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, huuliza swali ambalo kila mwalimu amelisikia. Kwa nini tunasema "kiti kimevunjika" lakini "kipofu amefika", "kisu kimepotea" lakini "kifaru amekimbia"? Je, si yote yameanza na ki-? Jibu letu ni kwamba umbo la neno peke yake halitoshi. Yatupasa kutazama upatanisho wake katika sentensi. W. H. I. Bleek alipozipa ngeli za lugha za Kibantu nambari katika kitabu chake cha mwaka 1862, aliongozwa zaidi na viambishi, na hadi leo walimu wanabishana kama tuainishe kwa kiambishi au kwa upatanisho. Ubishi wa namna hiyo hiyo umo katika elimu ya wanyama, na kiumbe mmoja mdogo wa pangoni nchini Kenya anatuonyesha vizuri.

Kiumbe huyo ni wa oda iitwayo Opiliones. Watu humdhania buibui, lakini sivyo. Buibui ana kiuno chembamba kati ya sehemu mbili za mwili. Huyu mwili wake umeungana ukawa kitu kimoja. Hana sumu, hafumi utando, na wale wenye macho wana mawili tu. Linnaeus alipokiita kimoja Phalangium opilio mwaka 1758, alitumia neno la Kilatini lenye maana ya mchunga kondoo. Na mwaka 1833 Msweden Carl Jakob Sundevall akalifanya neno hilo kuwa jina la oda nzima. Kiswahili sanifu hakina jina lililozoeleka kwa mnyama huyu. Wako wasemao "buibui miguu mirefu", nami silipendi, kwa kuwa linakosea mara mbili: si buibui, na wengi katika oda hiyo wana miguu mifupi. Bora tuazime opilio, neno ambalo tayari limekwisha kwa irabu na halimtatizi msemaji: opilio huyu, opilio hawa.

Aliyewaainisha opilio wengi kuliko mtu yeyote ni Mjerumani Carl Friedrich Roewer, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1963. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1923 kilikusanya opilio wa dunia nzima. Lakini njia yake ilikuwa ya kuhesabu: pingili za nyayo ni ngapi, miba ya mgongoni ni mingapi, imepangwaje. Hesabu ikitofautiana, basi jenasi mpya ikazaliwa. Ni kama kuweka kipofu na kisu katika kapu moja, kisha kumtenga kipofu na mlemavu ambaye ni mwenzake. Waliomfuata walichunguza viungo vya uzazi vya dume, na baadaye chembe za urithi, wakakuta kwamba jenasi nyingi za Roewer hazisimami. Hata hivyo, kumbeza si haki. Pasipo orodha yake wasingekuwa na cha kusahihisha.

Wakaao mapangoni ndio wagumu zaidi. Katika giza la daima, wanyama wa koo mbalimbali huelekea kufanana: rangi hufifia, macho hupungua au hutoweka, na miguu ya wengi hurefuka. Mtaalamu asipoangalia, ataita udugu kile ambacho ni mazoea ya mahali. R. F. Lawrence alikabiliana na viumbe wa namna hiyo katika mapango ya Table Mountain huko Afrika Kusini, na mwaka 1931 akampa mmoja jina Speleosiro argasiformis. Sehemu ya kwanza ina neno la Kigiriki la pango; ya pili humaanisha mwenye umbo la kupe. Hakika opilio wa kundi hilo, Cyphophthalmi, ni wadogo wa milimita chache, na mtu wa kawaida angewadhania kupe au utitiri.

Ndipo tunafika kwa Marwe. Mwaka 1985 Mmarekani William A. Shear alichapisha, katika jarida la Jumba la Makumbusho la Marekani la Historia ya Asili mjini New York, maelezo ya opilio wa kundi hilo hilo kutoka pango la chokaa nchini Kenya. Alimwita Marwe coarctata. Neno la pili ni Kilatini, nalo humaanisha aliyebanwa. La kwanza halina budi kumkumbusha msomaji hadithi ya Wachaga juu ya msichana Marwe. Yeye na nduguye waliwekwa kulinda shamba la maharage, wakaenda kunywa maji, nyuma nyani wakala maharage yote. Kwa hofu ya wazazi Marwe akajitupa ziwani, akazama hadi nchi ya wafu, akaishi huko na bibi kizee, mwishowe akarudi juu akiwa amevikwa mapambo. Sijui jina gani lingemfaa zaidi mnyama aliyetolewa chini ya ardhi.

Lakini kupewa jina si kupewa ukoo. Cyphophthalmi hawaruki wala hawasafiri. Huishi katika udongo na majani yaliyooza, na mtawanyiko wao hufuata mipasuko ya mabara ya kale. Familia moja iko Afrika Kusini, Madagaska, Sri Lanka, Australia, Nyuzilandi na Chile. Nyingine iko Afrika ya Magharibi na Amerika ya Kusini. Kumweka Marwe upande mmoja ni kudai jambo fulani juu ya historia ya ardhi ya Afrika ya Mashariki. Gonzalo Giribet na wenzake walipotoa mpangilio mpya wa kundi zima mwaka 2012, walimwacha Marwe nje ya familia zote, kwa ushahidi kutotosha. Naona walitenda vema, kuliko kumsukuma penye nafasi.

Ushahidi huo hautasubiri daima. Chokaa ndiyo malighafi ya saruji, na kiumbe asiyeweza kuhama huangamia pamoja na pango lake. Wala mwalimu asidhani dawa ni kuwapeleka wanafunzi wakatafute. Popo wa mapangoni katika magharibi ya Uganda hubeba virusi vya Marburg: mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua, na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la chatu katika msitu wa Maramagambo. Anayetaka kuwaonyesha wanafunzi opilio hai ana nafasi nzuri zaidi ya kuwapata kwa kufunua majani makavu chini ya miti yenye kivuli, kisha kuwauliza kwanza kama kiuno kipo.