Nani Yuko Kitini? Historia Fupi ya Nafsi Kusini mwa Pwani

Siku hizi neno "jitambue" limejaa kila mahali. Linahubiriwa kwenye podikasti, linapachikwa chini ya picha za mazoezi, na dada humrushia kaka yake kama tusi: wewe hujitambui! Wengi tunaona maana yake ni rahisi. Ndani ya kila mtu mna mtu mmoja, yule wa kweli, na kazi yako ni kutulia, kuchungulia ndani na kumpata. Ukimpata, umejitambua. Ukimkosa, shauri yako.

Kusini mwa pwani ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Vanga, swali hili lina historia nyingine. Huko, kwa vizazi vingi, mtu aliyekuwa haeleweki hata kwa nafsi yake mwenyewe hakuachwa akae peke yake ajichunguze. Aliitiwa ngoma. Jamaa walikusanyika, ubani ukawashwa, kayamba zikatikiswa, halafu swali likaulizwa kwa sauti mbele ya majirani na mashemeji: wewe ni nani?

Aliyetakiwa kujibu hakuwa mgonjwa. Alikuwa yule aliyemkalia.

Kayamba ni chombo cha matete kilichotiwa mbegu ndani, na kwa Wadigo na Waduruma wa Kwale ni jina la shughuli yenyewe pia. Kiswahili nacho kina msamiati mzima wa jambo hili. Pepo humpanda mtu kichwani. Mtu mwenyewe huitwa kiti. Mganga hakimbilii kumfukuza pepo. Kwanza humpandisha, yaani humwita aje juu aongee. Akishakuja huulizwa jina lake, kabila lake, anakotoka, na anataka nini. Akitaja masharti, watu hujadiliana naye kama wanavyojadiliana na wageni wa posa: hili tunaliweza, hili halipo, hili tupe muda. Wakielewana, pepo hutulia, hushuka. Mwenye mwili huzinduka, hupewa maji, na mara nyingi husema hakumbuki kitu.

Ukisikiliza orodha ya mapepo hao utadhani unasoma kitabu cha historia ya pwani. Kuna pepo wa Kiarabu, anayetaka marashi ya waridi na udi. Kuna wa Kipemba, wa Kihabeshi, wa Kigala, wa Kimasai, hata wa Kizungu. Kila mmoja ana lugha yake, nguo yake, chakula chake na mdundo wake. Hawakuokotwa hewani. Wagala ndio ambao masimulizi ya Wamijikenda yanasema waliwafukuza kutoka Shungwaya. Wamasai walivamia pwani kutafuta ng'ombe katika karne ya 19. Waarabu walitawala, wakafanya biashara, wakamiliki watumwa. Wazungu wakaja baadaye na kodi na vyeo. Kila aliyepita na nguvu zake aliacha kiti chake. Mwanamke wa kijijini ambaye hajawahi kufika Oman aliweza kufungua mdomo na Mwarabu akasema. Kwa hiyo kilichokuwa ndani ya mtu hakikuwa siri yake binafsi tu. Kilikuwa pia kumbukumbu ya watu wake, pamoja na wale waliowaogopa.

Sasa tuje kwenye mali, maana hapo ndipo mambo hukolea.

Mwaka 1975 mwanaanthropolojia Roger Gomm alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu mapepo ya Wadigo. Jina lake ukilileta kwa Kiswahili ni kama "kujadiliana kutoka kwenye unyonge". Hoja yake ilikuwa ya moja kwa moja. Wengi waliopandwa walikuwa wake za watu. Pepo alidai nguo, mapambo, sherehe, kutazamwa. Mke akiomba vitu hivyohivyo kwa jina lake mwenyewe, angeambiwa ana tamaa. Pepo akidai, mume hulipa, maana hakuna mwanamume anayetaka kusikia kijiji kikisema mkewe aliumwa akamwacha. Lakini Gomm aliona na upande wa pili. Mke alipata kwa sababu alionekana dhaifu, mtu wa kuingiliwa na chochote. Nguo ilipatikana, ila haki ya kuomba nguo haikuzaliwa. Kesho yake mambo ya nyumbani yaliendelea kama jana.

Ukiisoma makala hiyo haraka utasema: aa, kumbe walikuwa wanaigiza. Na wengi husema hivyo mpaka leo. Lakini hebu turudi pale penye "hakumbuki kitu", kwa sababu pana swali ambalo limewatesa wanafalsafa kwa zaidi ya miaka 300.

Mwaka 1694 Mwingereza John Locke aliongeza sura mpya katika kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu. Aliuliza: ni kitu gani kinachokufanya wewe wa leo uwe yuleyule wa jana? Jibu lake lilikuwa fahamu. Pale inapofika fahamu yako ya matendo yako ndipo nafsi yako inapofika. Usichokifahamu kabisa kuwa ulikitenda, kwa maana fulani hukukitenda wewe. Halafu akakutana na mlevi. Mtu amelewa, amefanya uharibifu, asubuhi hakumbuki. Mbona mahakama inamwadhibu? Locke akajibu kwamba sheria za binadamu humwadhibu kwa kuwa haziwezi kutofautisha aliyesahau kweli na anayejifanya. Na akaeleza kwamba neno "mtu", kwa maana hiyo, ni neno la kisheria: linahusu nani atawajibika, nani asifiwe, nani alaumiwe.

Haya, mchukue Locke umkalishe kwenye mkeka kijijini nyuma ya Msambweni usiku wa kayamba. Angeyatambua maswali yote. Mwili ni mmoja. Sauti imebadilika. Maneno mazito yamesemwa: mume ni bahili, mama mkwe ana roho mbaya. Kesho nani atawajibika kwa maneno hayo? Jibu la kilingeni lilikuwa kwamba aliyesema ni pepo, na ahadi zilizotolewa amepewa pepo. Mke anaweza kuteka maji na mama mkwe wake asubuhi bila ugomvi. Tena walikuwa na namna yao ya kupima ukweli ambayo mahakama za Locke hazikuwa nayo: pepo lazima ajitaje, aseme lugha yake, aitikie mdundo wake na si wa mwenzake, na watu wazima waliokwisha kuona mengi wakiwa wamekaa pale wanatazama.

Sisemi kwamba Wadigo walikuwa wafuasi wa Locke bila kujua. Nasema tatizo lilikuwa moja, na watu wa Kwale walikuwa wakilifanyia kazi kwa makini, na riziki na ndoa zikiwa mezani.

Ndiyo maana inauma kukumbuka yaliyokuwa yakiandikwa Nairobi wakati huo. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, alisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai kuwa Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Kwa maoni yake Mwafrika hakuwa na nafsi iliyojengeka; aliishi kwa kufuata kundi na kusingizia nguvu za nje. Mwaka uliofuata serikali ilimtumia kueleza Mau Mau, na watu waliokuwa wakidai ardhi wakageuzwa kuwa wagonjwa. Frantz Fanon alimjibu vikali mwaka 1961.

Angalia mchezo ulivyo. Mwanamke wa Kidigo alisema kupitia pepo, na watu wake wakamuuliza anataka nini. Mpigania ardhi alisema kwa kinywa chake mwenyewe, akili timamu, na daktari akaandika kwamba hana nafsi. Kumbe kuhesabiwa kuwa mtu anayejitambua hakukutegemea tu kilichomo kichwani. Kulitegemea pia nani amekaa mbele yako na kama ana nia ya kusikiliza.

Utafiti haukuishia kwa Gomm. Mwaka 1987 Linda Giles, aliyefanya kazi katika miji ya Waswahili Kenya na Tanzania, alipinga wazo kwamba mapepo ni silaha ya wanyonge peke yao. Alikuta wanaume humo, na watu wenye heshima zao. Kwake, vilinge vilikuwa mahali ambapo jamii ilijitazama: dini na mila, mji na bara, bwana na mtumwa, vyote vikicheza kwenye miili ya watu. Nao Waduruma wa Kinango, ambao Mjapani Mitsuru Hamamoto amewatafiti tangu miaka ya 1980, wanatupa picha nyingine. Wanasema mtu ana chivuri, yaani kivuli chake, na kivuli hicho kinaweza kuchukuliwa. Mwili unabaki unatembea, unakula, lakini mwenyewe amepungua. Ndugu hutoka na mganga na ngoma kwenda kukitafuta, mara nyingi penye maji, na kumrudishia. Wewe uliyewahi kuamka asubuhi ukajiona kama haupo, ukaenda kazini hivyohivyo, ukacheka na wenzako hivyohivyo, sidhani unahitaji kuelezwa zaidi.

Leo Diani ina hoteli, pikipiki na intaneti ya kasi. Wadigo wengi ni Waislamu, na masheikh wengi hawataki kusikia habari za kayamba. Wao husoma Kurani juu ya mgonjwa au humpa kombe anywe. Makanisa nayo huombea. Kuna waganga matapeli wanaokamua watu hadi shilingi ya mwisho, na kuna wagonjwa waliocheleweshwa kufika hospitali wakafa. Hayo lazima yasemwe. Wakati huohuo, Shirika la Afya Duniani, lilelile la 1953, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika 2022, linakubali kwamba kupandwa kunakofanyika ndani ya mila au dini inayokubalika na watu si ugonjwa.

Na bado, mara kwa mara, wasichana wa shule za pwani huanguka darasani wakipiga mayowe, mmoja, wawili, kumi. Walimu husema mashetani, daktari husema msongo wa mawazo, mitandao husema wanatafuta kurudishwa nyumbani. Huenda kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ila katika kelele zote hizo ni nadra kusikia mtu akiuliza lile swali la kale la kilingeni: unataka nini?

Kujitambua, kwa jinsi tunavyokuuza sasa, ni kazi ya mtu mmoja na kioo. Historia ya Kwale inasema mtu hawezi kujua yote yaliyomo ndani yake bila wengine kumkalia usiku mzima wakimuuliza. Iwe kwa ngoma, kwa dua, au kwa mshauri nasaha huko mjini, kwanza lazima awepo wa kuuliza. Halafu lazima asikilize jibu, hata likija kwa sauti asiyoitarajia.